Mondo wa Majani ya Radi

Kabla jua halijafika kwenye jiwe la mpaka, Konsolata alikuwa ameshazunguka shamba lake mara tatu. Alianzia kwenye minyaa ya upande wa njia, akashuka na ukingo wa mtama uliokwisha kuvunwa, akafika bondeni kwenye chemchemi yake ndogo na majani marefu, kisha akapanda tena mpaka kwenye jiwe kubwa jeupe linalotazamana na miamba. Hapo alisimama. Jiwe lile ndilo lililokuwa mwisho wa kutembea kwake tangu mwezi wa nne, siku radi ilipompiga mumewe Sebastiani mlangoni, jembe likiwa begani, ikaondoka pia na nusu ya paa la nyumba.

Nyumba iliyopigwa na radi inaingia kwenye mwiko. Ndivyo walivyoshika watu wa Mogitu miaka ile ya vita vya Hitla, Wairaqw wenye mashamba na Wabarbaig wenye ng'ombe, wote sawasawa. Aliye kwenye mwiko havuki mpaka wake, hachoti maji kwenye kisima cha watu, hakanyagi njia ya mifugo ya jirani. Akivuka kabla ya siku zake kwisha anaongezewa miezi mitatu, na boma ambalo mifugo yake ataigusa linaingia naye humo humo. Padre wa misheni alisema hayo ni mambo ya kale, na Konsolata alimsikiliza kwa heshima, maana alibatizwa akiwa na miaka kumi na miwili na sala zote alizijua. Lakini padre hakai Mogitu. Asiyeshika mwiko haazimwi jembe, hapewi moto, wala hapati mtu wa kumpandia juu ya paa.

Na paa ndilo lililomkosesha utulivu. Zilibaki siku tisa mwezi uandame, mwiko uishe, majirani waje na mundu zao wakate majani ya bondeni na kuezeka. Mvua nazo zilikuwa zimebakiza chini ya wiki tatu kufika. Shemeji yake, Joakimu wa Dongobesh, alikuwa ameshatuma maneno: nyumba isiyo na paa si nyumba, mjane atahamia kwake na ng'ombe wote wawili, pamoja na mama mkwe wake. Konsolata hakutaka kuhamia Dongobesh. Alitaka kukaa pale pale, kwenye nyumba aliyoipiga udongo kwa mikono yake. Kwa hiyo kila alipofika bondeni aliyashika majani yale, akayavuta kidogo kupima urefu, kama mtu anayepapasa nguo aliyowekewa dukani.

Mtu anayezunguka shamba moja miezi sita anaona mengi. Ndani ya majani alikuwamo mondo jike. Konsolata alianza kumwona mwezi wa sita, na sasa alimjua kuliko baadhi ya mawifi zake. Miguu mirefu kama ya mwana-mbuzi, kichwa kidogo, madoa meusi kwenye manyoya ya njano, mkia mfupi usiofika kwenye visigino. Masikio yalikuwa makubwa kupita kichwa chenyewe, na nyuma ya kila sikio kulikuwa na baka jeupe juu ya weusi, ukimtazama kwa nyuma unaona kama anakutazama. Huyo alisimama katikati ya majani, macho nusu yamefumba, akisikiliza tu. Kisha aliruka juu miguu yote minne, mgongo umepinda, akatua kwa miguu ya mbele juu ya panya. Siku moja Konsolata alihesabu panya wanane kati ya asubuhi na saa tano. Na mwaka ule panya walikuwa wengi kupita kiasi, walifukua mbegu ardhini, walitafuna visigino vya watu waliolala. Vihenge vya jirani vilikuwa vinalia vitupu. Chake kilikuwa kimepungua kapu moja.

Yule mwingine alimwona mara mbili tu, upande wa miamba, akiwa amesimama penye jiwe. Simbamangu. Huyo hana doa hata moja, ni mwekundu kama udongo wa kichuguu, mzito kwa nyuma, na kwenye ncha za masikio ana vishungi vya nywele nyeusi. Hasikilizi. Anatazama. Analala juu ya mwamba amejibana, anatazama tu mpaka mtu anachoka kumtazama yeye. Mara ya kwanza alimdaka kanga hewani. Mara ya pili Konsolata alimwona mgongo tu, akipotea kwenye miamba na kitu cheupe mdomoni.

"Hodi huko," sauti iliita nyuma ya minyaa.

Alikuwa Tawakali, mnunuzi wa ngozi kutoka Katesh, na punda wake. Babu yake alikuja na misafara kutoka Unyamwezi, na mwenyewe alisema kila mahali kwamba radi za Mogitu hazimjui jina. Lakini hata yeye hakuvuka minyaa.

"Karibu, kaka Tawakali. Za safari?"

"Nzuri. Nimepita kwa Mzee Gidahosh. Amepoteza mwana-kondoo mwingine jana. Wa nne."

"Pole yake."

"Anasema ni yule paka wako wa bondeni. Kesho wanakuja na makopo kumfurusha, wamchome mkuki, kisha wayatie majani moto ili asirudi mwingine. Mimi nimeambiwa nisubiri ngozi."

Konsolata alihisi miguu imeanza kutembea kabla hajaiambia. "Majani yangu?"

"Dada, mimi nanunua ngozi. Majani sinunui."

"Nenda ukamwite. Mwambie namngoja penye jiwe."

Gidahosh, jirani Mbarbaig wa upande wa miamba, alikuja jua likiwa utosini, shuka jekundu begani, mkuki mkononi. Alisimama hatua ishirini upande wake, kwenye uwanja ambao kondoo wake walizoea kupumzika chini ya miamba. Tangu radi ile hakuwa amesogea karibu zaidi ya hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mke wa Sebastiani. Umekonda."

"Natembea sana. Mzee, nimesikia habari ya moto. Nakuomba unisikilize. Mondo hali kondoo. Anayekula kondoo wako ni simbamangu, yuko kwenye miamba hiyo iliyo nyuma yako."

Gidahosh alicheka kwa pua. "Unanifundisha mimi? Nimechunga tangu meno ya utoto hayajang'oka. Mondo chakula chake panya, simbamangu chakula chake ndege na wana-kondoo. Mondo ana madoa, simbamangu hana. Hata mke wangu anajua, na yeye paka wote anawaita wezi."

"Kama unajua, mbona unachoma majani yangu?"

"Kwa sababu huyu wako si mondo tena. Analala kwenye majani ya radi, anakunywa maji ya radi. Mnyama kama huyo anabadilika. Anaacha chakula cha ukoo wake, anakula cha wengine."

"Mimi pia nalala hapa. Nakunywa maji hayo hayo. Nimebadilika?"

Mzee alihamisha mkuki kutoka mkono huu kwenda huu. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana nimesimama mbali."

Mama mkwe wa Konsolata, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mtama, alikohoa. Alikuwa anasikia kila neno.

"Nijibu kitu kimoja," Gidahosh alisema. "Tangu amekaa kwako, amewahi kukuchukulia kitu?"

Hapo Konsolata angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angejua ila mama mkwe. Alitazama kidole chake cha mguu. "Mtetea mmoja," alisema. "Yule mweupe."

"Umesikia mwenyewe."

"Kuku ana mabawa, mzee. Kwake ni kwale tu mnene. Alimbeba mzima mpaka kwenye majani, akamnyonyoa manyoya, akala. Wana-kondoo wako wameng'atwa koo, na wameliwa kuanzia paja la nyuma. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi ulaji si mmoja."

"Leo kuku, kesho kondoo. Mwizi anajifunza."

"Nipe siku tisa. Mwezi ukiandama nakata majani yote, unabaki na mashina. Choma mashina."

"Siku tisa ni wana-kondoo wangapi?" Hakuuliza kwa hasira. Mwaka ule serikali ilichukua ng'ombe wengi wa kulisha askari wa vita, na kondoo ndio waliokuwa wanamlishia watoto. "Kesho, mke wa Sebastiani. Upepo wa saa nne."

Siku ile Konsolata hakukaa. Aliweka sufuria ya maharage akaisahau, akarudi, akaongeza maji, akatoka tena. Aliokota fimbo ya Sebastiani ya mti mgumu, akaenda nayo mpaka jiweni, akairudisha ukutani, akaenda kuichukua tena.

"Utachimba mfereji kwa hiyo miguu," mama mkwe alisema.

"Mama, yakiungua, tunakwenda Dongobesh."

"Najua. Mke wa Joakimu anapika ugali kama gundi." Bibi alipuliza makapi ya mtama. "Ungekuwa na watu wa kukata leo, tungeyakata leo. Lakini nani atakuja? Nilipokuwa binti nyumba mbili ziliingia mwikoni mwaka mmoja, yetu na ya jirani. Wakubwa walikula chungu kimoja, tukachota kisima kimoja, tukapalilia pamoja, mpaka kati yetu ukawa hauna kazi. Wote mlio ndani ya mwiko hamna haja ya kuogopana. Sisi tuko peke yetu."

Asubuhi yake walikuja wote wa boma la Gidahosh: mzee mwenyewe, ndugu yake Gidamis, mkewe aliyevaa ngozi iliyopakwa mafuta, na binti zao watatu wenye makopo matupu ya mafuta ya taa ya kupiga. Walishuka bondeni kwa upande wao, wakajipanga nje ya mpaka. Tawakali alifunga punda kwenye mgunga akaomba kwa sauti kubwa mkuki upite mbavuni tu, mgongo usitobolewe. Mke wa Gidahosh alimwambia kama anaogopa tundu akamshike mnyama kwa mkono.

Konsolata alikuwa amesimama penye jiwe na fimbo ya Sebastiani. Kutoka pale aliona pande zote mbili, bondeni kwa watu, na juu kwenye uwanja wa miamba ambako kondoo arobaini wa Gidahosh walikuwa wamelala wakicheua. Aliwatazama kwa muda ndipo akaelewa kinachokosekana. Hakukuwa na mtu. Binti wote watatu walikuwa bondeni na makopo.

"Mzee Gidahosh," aliita. "Nani amebaki na kondoo?"

Makopo yalianza kulia wakati huo huo. Wakapiga, wakapiga mbinja, Gidamis akabweka kama mbwa, na upepo uliokuwa unaanza ukachukua sauti ya Konsolata ukaipeleka Mungu anajua wapi. Aliita mara ya pili, akaita ya tatu. Migongo yao ilikuwa kwake, macho yao kwenye majani.

Halafu kitu kwenye mwamba kikabadilika. Alidhani ni udongo. Udongo ule ukawa na vishungi viwili vyeusi.

Simbamangu hakukimbia kwanza. Alishuka kama maji yanavyoshuka ukutani, tumbo chini, akasimama, akatazama, akashuka tena. Mwana-kondoo mmoja alikuwa amejitenga karibu na jiwe, analamba chumvi ya ardhini, hatua kumi na tano kutoka alipokuwa Konsolata.

Alihesabu haraka kama anavyohesabu mtu aliyesimama kwenye moto. Akinyamaza, atakufa wa tano, wataona damu tu kama siku zote, na majani yatawaka. Akivuka, ni miezi mitatu mingine. Majani yatabaki yamesimama bondeni, na mvua itaingia ndani maana hakuna atakayekuja kuyakata. Huku ni kukosa majani, huku ni kukosa watu. Alikuwa bado anahesabu wakati yule mwekundu aliporuka, na mwana-kondoo akatoa sauti moja nyembamba.

Mguu wa kulia ulivuka. Wa kushoto ukaufuata.

Alimpiga pigo la kwanza mgongoni, fimbo ikadunda. Simbamangu hakuachia koo. Aliinua macho tu, ya kijani yenye michirizi myeusi kando ya pua, na Konsolata aliona ndani ya sikio lake, nywele nyeupe laini kama za mtoto. Akampiga la pili puani. Hapo aliachia, akapuliza kama mafuta yanayomwagiwa maji, akarudi nyuma hatua mbili. Kondoo wote walikuwa wamesimama wanalia, na kilio kile ndicho kilichofika bondeni.

Bondeni nako, wakati huo, mondo alikuwa ametoka. Makopo yalimtoa kwenye majani mpaka juu ya kichuguu, mbele ya Gidahosh kabisa, akiwa amembeba mtoto wake mdogo, amemshika shingoni kwa meno. Mzee alikuwa ameshainua mkuki. Aliposikia kondoo aligeuka nusu, mkono bado uko juu. Mbele yake alisimama wa madoa na mtoto wake. Kule juu, aliona wa rangi ya udongo akipanda mwamba kwa miruko mitatu. Alitazama huku, akatazama kule, akatazama huku tena. Mkuki ukashuka taratibu. Mondo akarukia kwenye majani akapotea.

Walipanda wote mbio, wakasimama ghafla hatua ishirini, kama waliogonga kamba. Konsolata alikuwa amepiga magoti katikati ya kondoo wao, amembana mwana-kondoo kifuani, khanga yake ameikunja kooni mwa mnyama.

"Amevuka," mke wa Gidahosh alisema kwa sauti ndogo. "Amewagusa."

"Mweke chini," Gidahosh alisema.

"Nikimwachia, damu inatoka, mzee. Ngoja igande."

Tawakali alifika akihema, akatazama mwamba, akatazama mashimo ya meno kooni, akaona nywele chache nyekundu zilizokwama kwenye sufu nyeupe. Alizichukua kwa vidole viwili, akazipuliza. "Hizi si za mondo," alisema. "Hizi hata gizani ningekwambia."

"Nani amekuuliza?" mke wa Gidahosh alimkatiza. Kisha alimgeukia mumewe, na sasa alizungumza haraka. "Tuliopo hapa ni sisi tu. Arudi kwenye jiwe lake. Hatujaona kitu, hakuvuka. Siku zake nane zitaisha, sisi tutachunga ng'ombe zetu."

"Mimi sijaona kitu," Tawakali alisema.

Konsolata alimtazama mzee. Alitaka aseme ndiyo. Angerudi, mwezi ungeandama, majirani wangekuja na mundu zao, kila kitu kingekuwa kama alivyokipanga. Mlangoni kwao, mama mkwe alikuwa amesimama na ungo mkononi.

Gidahosh alikaa chini kwenye vumbi, mkuki magotini.

"Majani yake nilitaka kuyachoma kwa ajili ya radi," alisema mwishowe. "Leo nikisema radi haikunigusa, nilikuwa nachoma nini?" Alisimama, akapiga hatua zile ishirini zilizokuwa kati yao tangu mwezi wa nne, akachuchumaa mbele ya Konsolata, akafunua khanga kidogo aone jeraha. "Atapona. Tumeingia, mke wa Sebastiani. Miezi mitatu, mimi na wewe na ng'ombe zote."

Mkewe alikaa chini akashika kichwa, akamlaumu mumewe kwa lugha yao, maneno mengi, hakuna aliyeyatafsiri. Gidamis alikwenda kuokota makopo.

"Na mondo wangu?" Konsolata aliuliza.

"Mondo wako ni mondo." Mzee alikuwa bado anatazama jeraha. "Mwache ale panya. Na kwangu wapo, akipenda."

Sasa mama mkwe alikuwa amefika mpakani na ungo wake. Aliwatazama wote mmoja mmoja, mpaka binti wa mwisho.

"Shikamoo, mama," Gidahosh alisema.

"Marahaba. Kwa hiyo wote mko ndani?"

"Tuko ndani."

"Ndani kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Watu saba wenye mikono," bibi alisema. "Konsolata, mundu ziko ngapi?"

Tawakali alihesabu watu, akapata saba akijihesabu na yeye mwenyewe, na kabla mundu ya kwanza haijaletwa alikuwa ameshafungua punda yuko njiani kwenda Katesh. Hakurudi Mogitu mpaka mwezi wa pili.

Sita waliobaki walianza kukata siku ile ile. Waliacha kipande upande wa kichuguu, upana wa nyumba mbili, maana Konsolata alikuwa ameona majani yakitikisika huko pasipo upepo. Ng'ombe wa Gidahosh, ambao sasa hawakuruhusiwa kwenye kisima cha watu, walishuka kunywa maji ya Konsolata, wakaacha mbolea shambani mpaka kwenye minyaa. Joakimu alituma mtu kutoka Dongobesh kuja kuchukua mjane. Mtu yule alipoambiwa habari ya mwiko alizungumza akiwa njiani, mbali, akageuka na safari yake.

Kazi ilikuwa kwenye kuezeka. Wabarbaig hawaezeki, nyumba zao zina paa la udongo, na Gidahosh alikuwa hajawahi kupanda juu ya kitu kirefu kuliko ng'ombe. Alikaa kwenye kombamoyo amekumbatia mti, ndugu yake akimrushia matita, na bibi chini akiwaelekeza kwa fimbo ya Sebastiani.

"Mashina chini, mzee. Mashina chini. Unamvalisha kondoo au unaezeka?"

"Mama, mimi naangalia nisianguke."

"Ukianguka nitakufunika na hayo majani. Kaza kamba."

Mvua ya kwanza ilikuja jioni, siku kumi na nane baada ya hapo. Konsolata alisimama katikati ya nyumba, uso juu, akizunguka chumba. Alipapasa ukuta wa mashariki, mkavu. Wa mlangoni, mkavu. Juu ya mafiga tone moja lilianguka, likafuatwa na jingine, na pale pale akasogeza sufuria. Akasimama, akasikiliza, akatoka nje na gunia kichwani kuona maji yanavyoteremka kwenye majani, akarudi ndani, akatoka tena.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe alisema. "Hapo ndipo alipoezeka Gidahosh. Kesho atapanda tena."

Lakini Konsolata alikuwa ameshafika penye jiwe jeupe. Akalipita, akaenda mbele kwenye uwanja wa miamba, kuangalia kama kondoo wa Gidahosh wameingizwa bomani.